Kesha, kitubio, ushirika, mlima au daktari: ipi itakusaidia kuvunja tabia ya dhambi hapa Nairobi?

Tangu nisimame mbele ya kanisa nikakiri kwamba kwa miaka minne nilikuwa mtumwa wa kubeti, hakuna Jumapili inayopita bila mtu kunivuta kando karibu na geti. Mara nyingi huwa ni kijana wa kiume, mara moja moja ni mama mtu mzima. Si wote wanaosumbuliwa na kamari. Mmoja ni pombe, mwingine ni video za ngono anazotazama usiku wenzake wakishalala, mwingine ni uongo uliomzoea mdomo hata anadanganya pasipo sababu. Swali lao huwa moja: "Ndugu, nimeomba hadi nimechoka. Niende wapi?"

Nairobi swali hilo lina majibu mengi mno. Nguzo za stima kutoka Kawangware hadi Kayole zimebandikwa mabango ya makesha ya kuvunja minyororo. Mkatoliki ana kitubio, padre wake wa kumuungamia. Kuna wanaopanda Ngong kuomba, kuna wanaokutana sebuleni kwa mtu kila Alhamisi, na kuna wanaokwambia kwa ukweli kabisa kwamba unahitaji daktari. Mtu aliyezama hana nguvu ya kujaribu zote. Ndiyo maana naziweka hapa kandokando, kila moja na uzuri wake na mahali inapopungukiwa, nikisema waziwazi ipi nimeipitia mwenyewe na ipi nimeiona kwa mtu wangu wa karibu.

Nitangulize neno moja ili tusipotezane njiani. Anayeweka huru ni Kristo. "Basi Mwana akiwaweka huru, mtakuwa huru kweli kweli," ndivyo asemavyo mwenyewe katika Yohana 8:36. Ninacholinganisha ni milango ya kumwendea. Mlango unaomfaa jirani yako unaweza kukuacha wewe umesimama nje miaka mingi, ukidhani ni Mungu aliyekukataa.

Kabla ya kuchagua: dhambi yako inakula nini?

Kila tabia iliyomshika mtu ina chakula chake. Yangu ilikula vitu vitatu: simu ambayo hakuna mwingine aliyeigusa, pesa iliyopita mikononi mwangu bila kuhesabiwa na mtu, na siri. Mimi huuza vipuri vya magari Kirinyaga Road. Kutwa nzima wateja wananilipa kwa simu, na jioni nashika pesa kabla ya kukabidhi hesabu. Jumamosi ndiyo iliyoniua. Mechi za Uingereza zinachezwa jioni yetu, na zikiisha kuna mchezo wa kindege kinachopaa kwenye skrini, ambao hauna mwisho wala usingizi.

Pombe inakula vingine. Inakula mwili wenyewe, ambao ukishazoea unadai, na inakula marafiki wa meza moja. Video za ngono zinakula upweke na bando la usiku. Hasira ya nyumbani, kwa niliowasikiliza, inakula madeni na uchovu wa barabarani zaidi ya inavyokula maneno ya mke.

Kwa hiyo kabla hujaenda popote, kaa chini na kalamu. Andika mara tatu za mwisho ulizoanguka: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa wapi, pamoja na nani, ulikuwa umetoka kufanya nini, na kama ni pesa, ilitoka wapi. Mimi nilipoandika nikaona kitu nilichokuwa sijakiona miaka yote minne. Mara zote tatu nilikuwa kiti cha nyuma cha matatu, nikitoka dukani, kabla sijafika nyumbani. Sikuwahi hata siku moja kubeti mke wangu akiwa ameketi kando yangu.

Paulo alilia katika Warumi 7 kwamba lile alichukialo ndilo alitendalo. Kilio chake nakijua. Lakini kalamu ilinionyesha kwamba kilio changu kilikuwa na saa na mahali, na mahali panaweza kuzibwa.

Kesha na maombi ya ukombozi

Huu ndio mlango nilioanza nao, na ndio wengi huanza nao, kwa sababu uko wazi kwa kila mtu. Hauulizwi ni wa dhehebu gani. Unaingia saa tatu usiku, mnaimba, mnaomba kwa sauti, neno linahubiriwa, halafu wanaohitaji maombezi wanaitwa mbele. Mnamalizia alfajiri matatu za kwanza zikianza kuita abiria.

Niliitikia wito usiku mmoja chini ya hema, huko Eastlands. Pasta aliniwekea kiganja kwenye paji la uso, nikasikia harufu ya mafuta ya mzeituni, nikaanza kulia kabla hajasema neno. Sikulia hivyo hata siku ya mazishi ya baba yangu. Niliinuka mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Ndani ya matatu ya kurudi, nikafuta programu ya kubeti kwenye simu, nikalala usingizi mzito.

Nilikaa siku nane. Siku ya tisa ujumbe mfupi ukaingia: nimepewa beti ya bure ya shilingi 50. Bure. Kufikia usiku wa manane nilikuwa nimepoteza 3,200.

Sisemi kilichotokea hemani kilikuwa cha uongo. Kilikuwa cha kweli na namshukuru Mungu kwacho hadi leo. Lakini Yesu mwenyewe anasimulia katika Mathayo 12 habari ya pepo mchafu anayerudi alikotoka na kuikuta nyumba "tupu, imefagiwa na kupambwa," akaenda kuleta wengine saba. Nyumba yangu ilifagiwa vizuri usiku ule. Hakuna aliyekuja kukaa ndani. Pasta hakujua jina langu, nami sikujua lake vizuri, na Jumatatu asingenitambua katikati ya umati wa watu wanaovuka barabara.

Kuna mambo mawili zaidi yanayonitia wasiwasi kuhusu mlango huu, na nayasema kwa upendo kwa wanaohudumu hapo usiku kucha bila mshahara.

La kwanza ni kuita kila tabia pepo. Wapo waliofungwa na pepo, na Injili zimejaa habari zao. Lakini Wagalatia 5 inapotaja ulevi inauweka katika matendo ya mwili, pamoja na hasira na husuda. Mtu akiambiwa kila mara kwamba ni roho fulani imemkalia, anajifunza kungoja ing'olewe. Hafuti namba, habadilishi njia ya kurudi nyumbani, hamwambii mkewe. Anasubiri kesha lijalo.

La pili ni pesa. Sadaka ni ibada, hilo halina ubishi. Ila ukikuta maombi yametajiwa bei, au umepewa namba ya kutuma kabla ya kuwekewa mikono, ondoka. Simoni wa Samaria alipotaka kununua karama, Petro alimjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Na kwa ndugu yangu mcheza kamari nasisitiza zaidi. Ukiambiwa tuma elfu moja leo upokee laki moja wiki ijayo, hiyo ni sauti ile ile uliyotoka kuikimbia. Kwa mlevi mahubiri hayo ni hasara ya pesa. Kwako ni sawa na kupewa glasi.

Kitubio

Huu sikuupita, kwa kuwa mimi ni Mwanglikana. Ninayoyasema nimeyapata kwa shemeji yangu Mkatoliki, aliyeacha uzinzi uliokaribia kuvunja nyumba ya dada yangu.

Nguvu ya kitubio ni mpangilio wake. Huingii na kilio kisicho na mwelekeo. Unatafiti dhamiri kwanza, unajuta, unaweka nia ya kutorudia, unataja dhambi kwa jina lake na mara ngapi, kisha unapewa malipizi, yaani sala au tendo la kufidia. Kwenye sala ya majuto yapo maneno "sitaki kukosea tena," na shemeji anasema siku ya kwanza yalimkwama kooni kwa sababu alijua bado anataka. Padre akamsubiri.

Na siri yake haina mfano. Padre haruhusiwi kufunua alichoungamiwa, si kwa polisi, si mahakamani, si hata akitishiwa maisha. Kwa mtu mwenye cheo, au anayeogopa kwamba siri yake ikitoka atapoteza kazi na ndoa siku moja, sioni mahali salama zaidi pa kuanzia. Halafu unasikia kwa masikio yako mwenyewe sauti ya binadamu ikikutamkia maondoleo. Sisi Waprotestanti tunaungama kimoyomoyo, tunaondoka tukijiuliza kama tumesamehewa, na mashaka hayo yenyewe yanaturudisha tulikotoka. (Kanisa letu nalo lina nafasi ya mtu kuungama faraghani kwa kasisi. Wengi wetu hatujui, na hatuulizi.)

Upungufu wake ni kwamba siri inayokulinda inaweza pia kukuficha. Ukibadilisha padre kila Jumamosi, kila mmoja anakusikia kama mara ya kwanza. Shemeji alivuka alipoamua kwenda kwa padre yule yule Kwaresima nzima, kila Jumamosi, na kumwomba pia wakutane nje ya kitubio kwa mashauri ya kiroho. Wiki ya nne padre hakuhitaji kuambiwa mwanzo wa hadithi.

Ushirika wa nyumbani

Hapa ndipo nilipovunjikia, na ndipo nilipoungwa. Nitakaa kidogo.

Desturi hii ina mizizi mirefu kwetu. Uamsho wa Afrika Mashariki uliwaka Gahini, Rwanda, kwenye misheni ya Kianglikana, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Kabete, hapa mlangoni mwa Nairobi, ulifika kabla ya miaka hiyo kumalizika. Waliookoka walikutana nyumbani kwa mtu, wakaimba Tukutendereza, wakafanya jambo lililowashtua hata wachungaji wao. Walitaja dhambi zao kwa sauti mbele ya wenzao, kisha wakaenda kurudisha walichoiba. Waliita hivyo kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Wazee wa aina hiyo bado wapo. Mmoja anaishi Kangemi, nyumba ya mabati yenye mparachichi mlangoni, na ushirika hukutana kwake Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni.

Mara yangu ya tatu kuhudhuria, zamu ya mahitaji ya maombi iliponifikia nikasema nilivyozoea kusema kila mahali: "Niombeeni, nina majaribu ya pesa."

Mzee alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akakiweka chini kwenye kigoda taratibu.

"Majaribu gani, ndugu?"

"Ya... kubeti, Baba."

"Pesa ngapi?"

Miaka minne hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kiasi. Pale kwenye kesha niliulizwa kama nataka kuwekwa huru. Hapa niliulizwa hesabu. Nikasikia mvuke wa birika jikoni, nikaona mama mmoja akikunja leso yake mara mbili, mara tatu.

"Elfu ishirini na saba na mia tano. Ni karo ya muhula huu."

"Mama watoto anajua?"

"Hajui."

Mzee akasimama, akachukua koti lililokuwa nyuma ya mlango. "Basi tumalizie maombi njiani. Twende kwako."

Tulikwenda, yeye na ndugu mwingine, usiku ule ule. Sitasimulia yaliyosemwa nyumbani kwangu, ni ya mke wangu pia. Ila Yakobo 5:16 niliijua tangu shule ya Jumapili: "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Siku zote nilikuwa nikiusoma mstari ule nikiruka maneno "ninyi kwa ninyi."

Mambo yaliyofuata hayakuwa na kelele. Laini ya simu inayopokea mshahara ikawa kwa mke wangu, namba ya siri akaichagua yeye. Niliandikia kampuni ya kubeti nikaomba akaunti yangu ifungwe, kisha nikazuia namba zao zote za ujumbe. Kila Alhamisi nilimwonyesha mzee stetimenti yangu ya M-Pesa, naye aliipitia kwa kidole mstari kwa mstari bila haraka. Alinituma kwa tajiri wangu kukiri shilingi 4,000 za duka nilizozungusha na kuzirudisha bila yeye kujua, akinikumbusha Zakayo. Niliogopa kufukuzwa, sikufukuzwa, ila kwa miezi miwili sikushika pesa za jioni. Na kila Jumamosi saa kumi, kabla ya mechi, simu yangu ililia: "Ndugu, habari ya saa hizi?" Basi, hilo tu.

Mwezi wa tano nilianguka. Nilitumia simu ya mfanyakazi mwenzangu. Nilipompigia mzee hakunihubiria. Aliuliza saa ngapi, na wapi, akaniambia mwenye haki huanguka mara saba akaondoka tena, kama isemavyo Mithali 24. Kisha akaja dukani mwenyewe kesho yake, akanunua taa ya gari ambalo hana, akakaa nami mpaka tukafunga.

Lakini ushirika una hatari ambayo milango mingine haina: midomo. Kabla ya Kangemi nilikuwa katika kikundi kingine ambapo dada mmoja aliungama jambo la ndoa yake, na Jumapili nikalisikia kwaya ikilinong'ona. Alihama kanisa, na simlaumu. Kwa hiyo hudhuria mara mbili au tatu ukisikiliza tu. Angalia kama viongozi nao huungama dhambi zao za juzi, au wanasimulia tu walivyokuwa waovu mwaka 1998. Sikiliza kama habari za asiyekuwepo zinaletwa kwa sura ya maombi. Dhambi za ngono zisemwe wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, pembeni. Na kama hakuna anayekuuliza swali la pili, hapo pana chai na nyimbo nzuri, lakini tabia yako itakaa salama.

Mlima na kufunga

Kwa ufupi. Vilima vya Ngong, msitu wa Karura wenye mapango yake, na kwa wenye nauli, Ol Donyo Sabuk. Utulivu wake ni dawa kwa mtu ambaye kelele za jiji zimemzibia masikio, na kufunga kunamfundisha mwili kwamba haupewi kila unachodai. Somo hilo mlevi na mzinzi wanalihitaji sana. Mimi hufunga hadi leo siku moja kila mwezi. Ukienda, nendeni kikundi, mpitie getini, na simu ibaki nyumbani.

Lakini ikiwa dhambi yako inakula upweke, usiitibu kwa upweke mwingine. Kijana anayetazama ngono usiku peke yake hahitaji siku tatu pangoni peke yake. Na mwenye kisukari, vidonda vya tumbo, mimba, au dawa za kila siku asifunge bila kumuuliza daktari. Tangu Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa ya watu walioambiwa wafunge hadi wamwone Yesu, mchungaji yeyote anayekukataza kula bila kikomo au kukukataza hospitali amejitambulisha mwenyewe. Mkimbie.

Daktari, mshauri, na meza ya walevi waliopona

Waumini wengi huweka mlango huu mwisho, wakiona kuugonga ni kukosa imani. Kwa pombe naomba uuweke wa kwanza.

Mtu anayekunywa kila siku kwa miaka, chang'aa au chupa, akiacha ghafla mwili unaweza kumgeuka: mikono inatetemeka, jasho, moyo unaenda mbio, anaona visivyokuwepo, anaanguka kifafa. Huwa mbaya zaidi siku mbili tatu za kwanza, na inaua. Nimewahi kumwona ndugu akitetemeka hivyo kanisani siku ya pili ya kuacha, watu wakikemea pepo huku alihitaji sindano. Alipona kwa kuwa muuguzi mmoja aliyekuwa kwaya alishuka jukwaani akasema kwa sauti, "Huyu aende hospitali sasa." NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192, na hospitali ya taifa ya Mathari, Thika Road, hutibu magonjwa haya kila siku. Luka aliyetuandikia Injili, Paulo anamwita "tabibu mpendwa."

Mwili ukishatulia, kuna vikundi vya Alcoholics Anonymous, ambavyo Nairobi vipo na havitozi ada. Wakristo wengine huviogopa kwa kuwa vinasema "Nguvu iliyo kuu kuliko sisi" bila kutaja jina la Yesu. Nawaelewa. Ila chama hicho kilizaliwa mwaka 1935 Akron, Ohio, Marekani, kati ya walevi wawili, dalali wa hisa na daktari, waliokutana kupitia vuguvugu la Kikristo lililoitwa Oxford Group. Hatua yao ya tano ni kukiri kwa Mungu, kwa nafsi yako, na kwa mtu mwingine asili halisi ya makosa yako. Ni Yakobo 5:16 imevaa nguo za kawaida. Mlevi aliyeokoka anaweza kuketi pale Jumanne na kuketi kwenye ushirika Alhamisi, wala sioni vinapogombana. Wacheza kamari nao wana vikundi vyao vya mfano huo, vilivyoanza Los Angeles mwaka 1957.

Mshauri wa kulipwa anafaa sana pale tabia ilipoanzia kwenye kidonda: aliyenajisiwa utotoni, aliyeona baba akimpiga mama. Maombi ya dakika tano mbele ya madhabahu hayatoshi kukisafisha kidonda hicho. Uliza kanisani kwenu kwanza, makanisa kadhaa makubwa ya jiji yana washauri waliosomea, wengine kwa bei nafuu au bila malipo.

Zikikaa pamoja

Kwa pesa, kesha, kitubio na ushirika havina bei, mlima ni nauli na kiingilio, mshauri na matibabu ndiyo ghali. Kwa kasi ya kuanza, kesha linashinda zote, unaweza kwenda Ijumaa hii. Kwa siri, kitubio. Kwa kidonda cha mwili, daktari, bila mjadala. Lakini nikiuliza swali ambalo sasa ndilo kipimo changu, yaani ni nani atakayenitafuta Jumatano nikiwa nimeanguka na nimezima simu, ni ushirika peke yake unaojibu, pamoja na vile vikundi vya waliopona. Kesha halinijui. Padre ananingoja nije. Mlima haupigi simu.

Ningekuwa nachagua upya, kwa kamari ningeanza na ushirika na mke wangu siku moja, nikiacha makesha yawe ya kunitia nguvu. Kwa video za ngono, ushirika wa wanaume wawili au watatu tu, simu ikilala sebuleni, na kitubio kwa Mkatoliki. Kwa uzinzi, kitubio au mchungaji mmoja mzima kiumri kwanza, si kikundi, kwa sababu kuna mwanamke wa pili ambaye jina lake si lako kulitangaza. Kwa pombe ya kila siku, hospitali, kisha meza ya waliopona, kisha ushirika. Anayesikia sauti, anayeogopa giza, aliyepitia kwa waganga na kuchanjwa, huyo aombewe ukombozi na watu wazima wa kiroho wanaojulikana, na bado apimwe na daktari.

Anayefanya kazi usiku, kama walinzi na madereva, mara nyingi huniambia hana Alhamisi jioni. Yupo mlinzi Westlands anayeshiriki na wenzake wawili kwa simu saa kumi na moja alfajiri wakibadilishana zamu. Wanasoma zaburi moja, wanaulizana, wanakata. Ni dakika kumi, na ameacha miraa na pombe mwaka wa pili huu.

Kinachowashinda wengi ni sentensi ya kwanza. Kijana aliyenivuta kando mwezi uliopita nilimwambia asitegemee mdomo wake, aandike kabla hajafika: tabia, kiasi, mara ya mwisho. Aliandika nyuma ya risiti ya dukani. Alhamisi zamu yake ilipofika aliitoa mfukoni, ikiwa imelowa jasho, akaisoma bila kuinua macho. Mzee alimngoja amalize mpaka nukta ya mwisho. Kisha akamuuliza kama amekula.